Akibweka ni wa Wote, Akiugua ni wa Nani?

Usiku wa manane katika vitongoji vya Biharamulo, habari ya kwanza haiji kwa simu. Mbwa mmoja upande wa bondeni hubweka mara mbili, akanyamaza, kisha akaanza tena kwa mfululizo. Wa nyumba ya pili hupokea. Haipiti dakika kilima kizima kinabweka, na aliyelala anajua, bila hata kufungua dirisha, kwamba kuna kitu na kinaelekea wapi. Wazoefu husikia zaidi ya hapo. Kubweka kwa kumfukuza fisi si sawa na kubweka kwa kumpokea mlevi anayerudi kilabuni akiimba, na mgeni asiyejulikana ana kubweka kwake pia.

Kata ya Nyarubungo, kama kata nyingi za Biharamulo na za jirani zao wa Ngara, ni nchi ya nyumba zilizotawanyika kati ya migomba, mihogo na mahindi. Kutoka mlango mmoja hadi mwingine ni mwendo, na kutoka mlango wa mwisho hadi kituo cha polisi ni safari. Kwa hiyo ulinzi wa usiku umekabidhiwa mnyama anayelipwa ukoko wa ugali na maji ya kuoshea vyombo, ambaye hajawahi kudai posho. Jirani asiyefuga mbwa analindwa bure na mbwa wa mwenzake. Kila mtu analijua hilo, ingawa hakuna anayelisema mkutanoni.

Kimya hicho hugeuka tatizo siku afisa mifugo anapofika na kisanduku cha chanjo.

“Huyu si wetu, ni wa kwa kina fulani.” Ukienda kwa kina fulani, wanasema walimwacha zamani, siku hizi analala kwa fundi baiskeli. Fundi naye anasema huja tu kula. Mbwa aliyelinda nyumba sita usiku uliopita anajikuta asubuhi hana mwenyewe hata mmoja. Makala haya yanahusu hesabu hiyo: mnyama ambaye faida yake ni ya kitongoji kizima, lakini gharama yake hubebwa na mtu mmoja, na mara nyingi haibebwi na yeyote.

Si kwamba watu hawawajali mbwa wao. Sehemu nyingi za Afrika kuna desturi ya kumpa mbwa jina lenye ujumbe kwa jirani. Mtu aliyegombana na mwenzake juu ya mpaka wa shamba hamtukani. Anapata kijibwa, anakiita Sijali au Tutaonana, halafu kila jioni anakiita kwa sauti kubwa huku uso ameuelekeza kule anakotaka jina lifike. Hapo mbwa ni mlinzi na ni barua. Mnyama anayebeba mambo ya watu kiasi hicho hawezi kusemwa ni wa mtu mmoja tu.

Kichaa cha mbwa ndicho kinacholeta hesabu yote mezani. Ugonjwa huu, unaosababishwa na virusi vilivyomo katika mate ya mnyama mgonjwa, unakadiriwa kuua watu wapatao 59,000 kila mwaka duniani, karibu wote Afrika na Asia, na karibu wote wakiwa wameng’atwa na mbwa. Kiasi cha asilimia 40 ya wanaong’atwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na kichaa ni watoto wa chini ya miaka 15, kwa sababu mtoto ndiye anayecheza na mbwa na ndiye anayetumwa dukani jioni. Dalili zikishamtokea binadamu, wanaopona ni wachache mno kiasi cha kuandikwa katika majarida ya kitabibu mmoja mmoja.

Mwaka 2002 watafiti wakiongozwa na Sarah Cleaveland walichapisha hesabu ya kushtua kuhusu Tanzania. Takwimu rasmi zilikuwa zikionyesha vifo kama 11 vya kichaa cha mbwa kwa mwaka, nchi nzima. Walipofuata majeraha ya kung’atwa na kukadiria ni wangapi kati ya waliong’atwa wangefariki, walifika karibu 1,500. Yaani katika kila watu mia waliokufa, takriban mmoja tu ndiye aliyeandikwa mahali. Waliobaki walifia nyumbani, au waliandikiwa ugonjwa mwingine, au walisemwa kuwa wamerogwa. Majirani, hata hivyo, walijua. Anayemwona mtoto akiogopa kikombe cha maji hahitaji maabara kumwambia kwamba mbwa yule wa wiki zile hakuwa mzima.

Ndiyo maana uchunguzi wa kichaa cha mbwa ukawa, kwa namna fulani, sayansi ya umbeya. Watafiti waliofanya kazi vijijini kuzunguka Serengeti, akiwemo Katie Hampson, walikuwa wakienda nyumba kwa nyumba na maswali ambayo mama yeyote wa kisimani angeuliza. Mbwa huyu alitoka upande gani? Alimng’ata nani kwanza? Baada ya hapo alielekea wapi, na mbwa wa nani alipigana naye? Kutokana na majibu hayo walichora mti wa maambukizi, tawi kwa tawi, na wakagundua jambo lenye matumaini zaidi ya walivyodhani: mbwa mmoja mwenye kichaa huambukiza kwa wastani mbwa mmoja na kitu, hafiki hata wawili. Linganisha na surua, ambayo mgonjwa mmoja anaweza kuambukiza zaidi ya watu kumi. Kichaa cha mbwa ni muuaji, lakini kama msafiri kina miguu dhaifu. Ukichanja asilimia 70 ya mbwa wa eneo, kinakosa pa kukanyaga.

Kwa nini 70, na si 40? Kwa sababu mbwa wa kijijini hakai sana duniani. Hufa kwa gari, kwa njaa, kwa chui, na mahali pake huchukuliwa na vibwa vipya visivyochanjwa. Ukichanja wengi leo, mwaka ukiisha kiwango kimeshuka chenyewe ingawa hakuna aliyefanya kosa. Kampeni ya siku moja kila baada ya miaka mitatu, ile yenye bango, kofia na hotuba, ni sawa na kujaza maji kwenye ndoo inayovuja.

Pemba inaonyesha pande zote mbili za jambo hili. Kisiwa kilichanja mbwa kwa mfululizo na kufikia 2014 kichaa kilikuwa kimetoweka. Miaka miwili baadaye kikarudi kutoka nje. Chanjo zikaanza upya, na kufikia 2018 kikawa kimeondolewa tena. Mexico ilichukua miongo kadhaa ya kuchanja mbwa, na mwaka 2019 ikawa nchi ya kwanza kuthibitishwa na Shirika la Afya Duniani kuwa imemaliza vifo vya binadamu vitokanavyo na kichaa cha mbwa. Lengo lililowekwa kimataifa ni kufika hapo kila mahali ifikapo 2030.

Wapo watakaosema kuna njia fupi: bunduki. Halmashauri nyingi nchini zimewahi kutangaza siku ya kuua mbwa wanaozurura, na tangazo hilo hupokelewa kwa shangwe na aliyeliwa kuku wake. Lakini risasi haichagui. Inaua mbwa aliyechanjwa mwaka jana pamoja na asiyechanjwa, na nafasi iliyobaki hujazwa na vibwa vichanga ndani ya miezi michache. Kisiwa cha Flores huko Indonesia kiliua mbwa kwa maelfu mengi baada ya ugonjwa kuingia mwishoni mwa miaka ya 1990, na kichaa kikabaki palepale. Tena kuna jambo ambalo hesabu za kitaalamu hazilitaji: siku mbwa wote wa kilima wanapouawa, usiku unaofuata kilima kinakuwa kimya, na mwizi ana masikio.

Biharamulo haihitaji kufundishwa thamani ya masikio. Katika miaka ya 2000 mabasi yaliyopita katika mapori ya wilaya hii yalisindikizwa na askari wenye silaha, na abiria wengi wa Bukoba, Kahama na Kigoma wenye umri wa kutosha wanakumbuka kusubiri msafara upangwe. Vita vya nchi jirani vilikuwa vimemwaga silaha ndogondogo mpakani. Aprili 1994, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda na kuingia Ngara ndani ya takriban siku moja, na kwa miaka mingi iliyofuata wilaya hizi mbili ziliishi na kila kinachokuja na mpaka wenye msukosuko. Septemba 2013 serikali iliendesha Operesheni Kimbunga katika mikoa ya Kagera, Kigoma na Geita dhidi ya ujambazi na wahamiaji wasio na vibali. Operesheni huja na magari, na huondoka na magari. Kinachobaki usiku wa kesho yake ni jirani na mbwa wake.

Wanakijiji walishapata kujipanga wenyewe kabla ya hapo. Sungusungu ilizaliwa mwanzoni mwa miaka ya 1980 upande wa Kahama na Shinyanga, Wasukuma na Wanyamwezi walipochoka kuibiwa ng’ombe. Firimbi ilipopulizwa, kila mwanamume alitoka na upinde, na asiyetoka alitozwa faini. Ilienea haraka kwa sababu ilifanya kazi, na mwaka 1989 sheria ikawapa walinzi hao wa jadi mamlaka ya kukamata. Lakini kumbukumbu ya sungusungu haina haja ya kupakwa asali. Vikundi vingine viligeuka mahakama vyenyewe, vikachapa watu na kutoza faini za kukomoa, na wazee walioshukiwa uchawi waliumia. Kujitolea kusikokuwa na mtu wa kukuuliza swali kunaweza kuharibika haraka kama maziwa juani.

Mfano wa karibu zaidi wa kazi ya masikio ya jirani, na wa uchungu zaidi, ni wa Januari 2025. Katikati ya mwezi huo Shirika la Afya Duniani lilitoa taarifa ya watu waliofariki Biharamulo kwa dalili zilizofanana na za ugonjwa wa Marburg. Wizara ya Afya ikajibu kwamba sampuli zilizopimwa hazikuonyesha virusi hivyo. Tarehe 20 Rais Samia Suluhu Hassan, akiwa Dodoma pamoja na mkurugenzi mkuu wa shirika hilo, Tedros Adhanom Ghebreyesus, alitangaza kwamba mgonjwa mmoja amethibitishwa. Mlipuko ulipotangazwa kuisha Machi 13, ulikuwa umehesabiwa watu kumi, wawili waliothibitishwa na wanane waliodhaniwa, na wote kumi walikuwa wamefariki.

Hodi, moja baada ya nyingine, ndiyo iliyouzima ule moto. Watu 281 waliokuwa wamekutana na wagonjwa waliorodheshwa, na kufuatilia ugonjwa kama huu maana yake ni siku 21 kwa kila jina. Wataalamu walitoka Dodoma na nje ya nchi, lakini mtaalamu kutoka mbali hajui kwamba mtu fulani wiki ile alilala kwa shemeji yake ng’ambo ya mto. Anayejua hayo ni jirani, na jirani husema kwa anayemwamini. Ni utaratibu uleule wa kumfuata mbwa mwenye kichaa kutoka boma hadi boma; tofauti ni jina la kirusi na kasi ya vifo.

Basi kama habari za jirani zina uzito huo, kwa nini anayezikusanya atendewe kama msaidizi wa kupita? Neno “kujitolea” limeanza kuchosha masikio vijijini. Anayetakiwa kujitolea ni kijana yuleyule mwenye kidato cha nne na baiskeli, kila mradi unapokuja. Anapewa fulana na semina ya siku mbili, mradi ukiisha anabaki na fulana. Mwanzoni mwa 2024 serikali ilizindua mpango wa kuandaa watoa huduma za afya ngazi ya jamii zaidi ya 137,000 kwa miaka mitano, wakiwa na mafunzo na posho inayoeleweka. Ni hatua ya haki. Upande wa mifugo haujapata mwenzake, ingawa afisa mifugo mmoja anaweza kuwa na kata nzima, pikipiki isiyo na mafuta, na ng’ombe ambao kwa kawaida huwekwa mbele ya mbwa kwa sababu ng’ombe ana bei.

Bei, hata hivyo, ukiitazama vizuri inamgeukia mtazamaji. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009, ukiongozwa na daktari wa mifugo Mtanzania Magai Kaare, ulikuta kwamba kumchanja mbwa mmoja katika vijiji vya wakulima-wafugaji kuligharimu chini ya dola mbili, kila kitu kikiwa kimehesabiwa. Miaka minne baadaye utafiti mwingine nchini, wa Maganga Sambo na wenzake, ulionyesha kwamba mtu wa kijijini aliyeng’atwa na kumaliza sindano zote zinazotakiwa alitumia zaidi ya dola 100, nauli na siku zilizopotea zikiwemo. Chukua kijiji cha kufikirika chenye mbwa 200. Kuchanja asilimia 70 ni mbwa 140, yaani chini ya dola 280. Watu watatu wakiumwa na mbwa mmoja mwenye kichaa asubuhi moja, kijiji kimeshapita kiasi hicho. Na kulipa kwa kuchelewa hakumhakikishii mtu yeyote kwamba sindano itakuwepo kwenye jokofu la zahanati siku atakapofika.

Kisingizio kikubwa cha kutochanja mbwa kilikuwa jokofu pia, na hapo pana habari njema isiyosikika vya kutosha. Utafiti uliofanyika Tanzania na kuchapishwa mwaka 2016 ulionyesha kuwa chanjo inayotumika sana kwa mbwa hubaki na nguvu hata ikiwekwa miezi mitatu katika joto la nyuzi 30. Kutokana na hilo, watafiti mkoani Mara walianza kuiweka vijijini katika vyungu vinavyopozwa kwa maji, kwa hekima ileile ya mtungi wa maji ya kunywa, na watu wa vijijini humo wakashiriki kuchanja mbwa mwaka mzima badala ya kusubiri timu ya siku moja. Mbwa wengi zaidi walifikiwa. Hakuna ajabu: kibwa kilichozaliwa Juni huchanjwa mwaka huohuo, si mwaka kesho kikiwa hai.

Biharamulo haina sababu ya kuliona hilo kama jambo la Mara tu, hasa sasa. Tangu 2019 mapori ya akiba ya Biharamulo, Burigi na Kimisi yamekuwa Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato, kilomita za mraba 4,707, na vijiji vya jirani vinatarajia wageni. Serengeti ilipata somo lake mwaka 1994: ugonjwa uitwao distempa, unaojulikana zaidi kwa mbwa, uliua takriban theluthi moja ya simba wake, kama simba elfu moja. Mbwa wa boma la mwisho kabla ya pori ndiye mpaka halisi wa hifadhi, kuliko kibao chochote cha TANAPA.

Kinachoweza kufanyika hakihitaji mfadhili wa kwanza. Sheria inataka mkutano mkuu wa kijiji ukae kila baada ya miezi mitatu, na inaipa serikali ya kijiji uwezo wa kutunga sheria ndogo. Ajenda moja ya mbwa, kati ya josho na mchango wa darasa, inatosha kuanzia. Kila kaya, yenye mbwa na isiyo na mbwa, ichangie chanjo, kwa kuwa kila kaya inalindwa. Pesa hizo zikae kama za chama cha kufa na kuzikana zinavyokaa, kwa mhazini anayejulikana na daftari linalosomwa hadharani. Mwenye mbwa abaki na wajibu wake wa kumfunga anapopaswa kufungwa na kumlisha ili asigeuke mwizi wa mayai. Anayehesabu mbwa na kuzunguka na kipaza sauti siku ya chanjo alipwe, hata kama ni kidogo. Wapo wazee wanaoamini mbwa aliyechanjwa hulegea na kusahau kubweka, wasibezwe. Walete mbwa wao, wasikilize usiku.

Mkutanoni humo pia ni mahali pa kusema kwa sauti kitu ambacho hakigharimu hata shilingi, mbali na kipande cha sabuni: aliyeng’atwa aoshe jeraha kwa maji mengi yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kabla ya mkaa, kabla ya mafuta ya taa, kabla ya mganga, kisha aende zahanati siku hiyohiyo hata kama jeraha ni mkwaruzo. Na mbwa aliyebadilika sauti, anayedondosha mate na kung’ata fimbo na mawe, habari zake zisiishie kisimani. Tangu 2011 Taasisi ya Afya Ifakara imeonyesha, katika wilaya za kusini mwa nchi, kwamba simu ya kawaida mkononi mwa mhudumu wa zahanati na afisa mifugo inatosha kuunganisha aliyeng’atwa huku na mbwa anayekimbia kule.

Utafiti uliofanywa nchini umeona jambo lingine dogo: siku za chanjo, wanaoleta mbwa kwa wingi ni watoto. Wanakuja wakivutwa zaidi ya wanavyovuta, kamba ya katani mkononi au kipande cha kanga ya mama, wengine wamembeba mbwa mzima begani kama mbuzi. Mtoto hana shida na swali la mwenye mbwa. Ukimuuliza jina la mnyama wake analitaja hapohapo, na mwandishi wa daftari anaandika, akijizuia kucheka anapotambua barua ile ilikuwa ya nani. Tutaonana, amechanjwa. Sijali, amechanjwa. Anayelala kwa fundi baiskeli, hana jina, bado.